Bashraf ya Harusi ya Khairiya

Watu walianza kuondoka kwenye ubeti wa pili.

Mzee Matano aliwaona huku fidla ikiwa imebanwa chini ya kidevu chake na mkono wa kulia ukienda na kurudi. Kwanza aliinuka mwanamke mmoja mnene, akakunja jamvi lake la kukalia, akalitia kwapani. Akainuka jirani yake. Halafu ikainuka safu nzima ya upande wa kushoto, pamoja na watoto wao. Bi Mwanapili, mwimbaji, alikuwa amefumba macho kama kawaida yake anapofika mahali pazuri pa wimbo. Alipoyafumbua, nusu ya harusi ilikuwa tayari iko njiani inapiga soga.

"Wanakwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini, mkono wake ungali hewani.

"Imba," Matano alimwambia. "Weye imba tu, mwanangu."

Ilikuwa Gando, alasiri, katika mwaka wa sitini na moja, na wimbo wenyewe ulikuwa wa kale kuliko siasa zote za Pemba. Matano aliupiga kwa mara ya kwanza alipokuwa kijana, kabla hao vijana waliofungua matawi ya vyama hapo Gando hawajatahiriwa. Lakini siku hizi hapakuwa na wimbo wa kale. Kila ubeti ulisikilizwa kana kwamba umetungwa asubuhi ya siku ile, na kila mtu alijiuliza umemlenga nani. Ukiimba mpenzi aliyekwenda zake, watu wa upande mmoja waliona wameambiwa wao. Ukiimba mpenzi aliyerudi, walichukia wa upande wa pili. Bi Mwanapili aliwahi kuimba juu ya asumini tu, ua na harufu yake, na bado mtu mmoja wa Wete akasimama akataka kujua asumini hiyo imepandwa kwenye kiunga cha nani.

Njiani kurudi Chake Chake, ndani ya gari la abiria lililojaa ala na majamvi, Othman hakuweza kutulia. Alikuwa kijana mpigaji wa ngoma ndogo ya dumbak, fundi kwa kweli, mwenye vidole vyepesi, na alikuwa pia katibu wa tawi la chama mtaani kwao.

"Umewaona, mzee? Umewaona walivyotoka?" alisema. "Umewaingia ule!"

"Umewaingia nini?"

"Ubeti, mzee. Wanajijua wenyewe."

"Ubeti ule," Matano alisema, "aliyeutunga alikufa miye sijaoa. Alimtungia mkewe, aliyekwenda kwao kumtazama mama yake mgonjwa, akakataa kurudi. Sasa watu wa Gando wamehusika vipi na mke wa mtu?"

"Ndiyo uzuri wake, mzee! Yule marehemu kama aliona mbele."

Bi Mwanapili, aliyekuwa kiti cha mbele, aligeuka. "Othman, marehemu muache alale. Na miye niache. Nimeimba beti mbili, zilizobaki nimewaimbia mbuzi."

Watu wakacheka, Othman mwenyewe akacheka. Matano hakucheka. Aliegemeza kichwa kwenye ubao wa gari na kuiweka fidla juu ya mapaja, akausikiliza uchovu wake. Haukuwa wa mikono. Mikono yake, alhamdulillahi, ilikuwa bado inasikia anachoiambia. Uchovu ulikuwa mahali pengine, nyuma ya masikio, kama mtu aliyekaa siku nyingi karibu na mashine ya kusaga.

Klabu yao iliitwa Sururi. Kwa miaka thelathini iliitwa kila palipo na harusi ya maana, kutoka Kangani mpaka Konde, na katika miaka hiyo gumzo la watu baada ya taarab lilikuwa moja: nani ameimba vizuri. Wanawake walikuja mbele kumvisha mwimbaji mashada ya asumini mpaka akawa haonekani shingo. Siku hizi walikuja wamekaza nyuso kama makarani wa mahakama wanaosikiliza ushahidi. Wengine hawakuja kabisa, kwa kuwa mwenye harusi alikuwa wa upande ule. Watu walikuwa hawanunui dukani kwa wa upande ule, hawapandi gari lake, hawachoti maji kisimani kwake. Matano aliwahi kuona jeneza linasindikizwa na watu wachache kama wanaokwenda kuchimba muhogo. Mbele ya hayo, harusi na fidla ni kitu gani?

Sururi nayo ilivunjika mwaka uliopita, mchana, kwa adabu zote. Wanachama walikaa ukumbini kwao, wakatandika jamvi, wakapanga ala zote juu yake, wakagawana. Upande mmoja ulichukua ganuni, sanduku lile la nyuzi nyingi, ambayo hawakuwa na mtu wa kuipiga. Upande wa pili ulibaki na mpigaji ganuni asiye na ganuni. Besi waliiacha ilale pale pale ukumbini, kwa sababu hapana aliyekubali mwenzake aichukue. Pandu aliinua kodiani yake, ambayo ilikuwa mali yake mwenyewe na haikuwa kwenye jamvi, akaenda na upande wake. Yeye na Matano walikuwa wamekaa bega kwa bega tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Siku ile hawakugombana. Hilo ndilo lililomuelemea Matano mpaka leo. Lau wangegombana, pangekuwa na kitu cha kusameheana.

Tangu hapo fidla yake haikuwa na mtu wa kuifuata. Kodiani haikazwi wala hailegezwi; sauti ilizotoka nazo kiwandani ndizo itakazokufa nazo. Fidla ndiyo inayoinuka au kushuka kuifuata. Kwa miaka yote ile, kabla ya kupiga, Pandu alivuta kodiani akatoa sauti moja ndefu, na Matano akakaza nyuzi zake mpaka zikakutana na ile sauti. Baada ya shughuli alizilegeza tena, shingo ya fidla isije ikapinda, kwa kuwa alijua shughuli ijayo Pandu atampa sauti ile tena. Sasa alikaza kwa kukisia.

*

Nyumbani kwake Vitongoji, binti yake Khairiya alikuwa anapepeta mchele barazani. Harusi yake ilikuwa imebaki wiki chache. Alikuwa anaolewa na Hamad, kijana mtaratibu wa hapo hapo Vitongoji, na Matano hakuwa na neno juu ya Hamad isipokuwa moja, kwamba hakuwa na sikio la muziki hata chembe.

"Gando kulikuwaje, baba?"

"Walikuja. Halafu wakaenda."

Khairiya akaendelea kupepeta. Mkewe, Bi Kazija, alitoka ndani na chombo cha maji ya kunawa, akamtazama mumewe usoni, akajua kila kitu.

"Baba," Khairiya alisema, bila kuinua kichwa. "Kuna kitu nataka nikuombe, na mama kanambia nisikuombe."

"Nimemwambia asikuombe," alisema Bi Kazija. "Lakini masikio ya mtoto huyu ni ya babake, husikia anachotaka."

"Sema."

"Siku yangu nataka mpige weye na ami Pandu."

Matano alinawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Wewe unajua hatusemi."

"Najua."

"Na unajua watu wake wakisikia kaja kwangu watamfanya nini."

"Najua, baba. Na wako watakufanya nini, najua pia." Sasa aliweka ungo chini. "Nilipokuwa mdogo mkenda nami kwenye harusi za watu. Nikilala kwenye benchi, baina yenu, mguu huu kwako na kichwa kule kwa ami Pandu. Harusi ya kila mtu nimeisikia hivyo. Ya mabinti wa watu, Wete, Mkoani, kila mahali. Sasa yangu ndiyo isiwe? Sitaki kitu chengine. Kama hawezi, basi nasipigwe kitu. Nitaolewa kimya."

Alisema bila kulia, na hilo lilimuumiza Matano zaidi. Bi Kazija akashika nguzo ya baraza, akasema kana kwamba anaiambia nguzo, "Kuolewa kimya! Mtoto wa mpiga fidla!"

Matano hakulala vizuri. Kulipokucha alivaa kanzu safi, akachukua bakora, akashika njia ya Pujini kwa miguu.

*

Alimkuta Pandu amechutama uani, anageuza karafuu juu ya majamvi kwa mikono miwili. Harufu ilikuwa kali ya kuchoma pua.

"Hodi."

"Hodi nani?"

"Miye."

"Miye ni nani?" aliuliza Pandu, ingawa alikuwa ameshamuona tangu njia panda.

"Aliyekaa upande wako wa kulia miaka thelathini."

Pandu alisimama, akajipangusa mikono kwenye shuka. Alikuwa amekonda. Alitazama njia, kushoto na kulia, halafu akaona haya kwa kutazama, akasema kwa haraka, "Karibu. Karibu ndani, huku nje jua."

Hapakuwa na jua. Wakaingia. Matano akakaa ukingoni mwa kitanda cha kamba. Juu ya kabati aliiona kodiani, imefungwa kwenye leso kuukuu, fundo juu kama mtoto aliyefungwa kilemba.

"Waipiga?"

"Naipiga ninapoambiwa." Pandu akakaa kwenye kigoda. "Klabu yetu mpya hiyo, Matano, hapana taarab. Pana mkutano, na kabla ya mkutano wanataka kelele. Beti huletwa na katibu, zimeshaandikwa kwa mashine. Nikawaambia, jamani, ubeti huu hauna mizani, mstari mmoja mrefu mwengine mfupi. Wakanambia, mzee, tia mizani kwa kodiani."

Matano akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Gando. "Na miye wangu ni Othman. Anasema marehemu waliotunga nyimbo walituona mbele."

"Othman yule wa dumbak? Vidole vizuri vile?"

"Vidole vizuri vile."

Nje kuku walikuwa wanaparua pembezoni mwa majamvi, na Pandu akapiga kelele ya kuwafukuza bila kuinuka.

"Khairiya anaolewa," Matano alisema.

"Nimesikia. Mungu atawajaalia."

"Kaniomba kitu kimoja."

Pandu hakuuliza ni kitu gani. Alitazama vidole vyake, vilivyokuwa vyekundu kwa karafuu. "Matano, mke wangu anachota maji kisima cha Mjaka. Mjaka ndiye mwenyekiti wetu kuno. Mkwe wangu anavua na ngarawa ya nduguye Mjaka. Nikionekana nimekaa harusini kwako, kesho yake mke wangu atarudi na ndoo tupu. Si kama nasingizia."

"Sikusema unasingizia."

"Na nyimbo? Akiimba Mwanapili neno lolote, lolote, watasema nimekaa nikitukanwa huku nikivuta kodiani. Na wako watasema wewe umemleta jasusi."

"Hapatakuwa na nyimbo."

Pandu akainua uso.

"Tutapiga bashraf," alisema Matano. Alikuwa ameifikiria njia nzima. "Bashraf peke yake. Tukimaliza, basi."

Kila taarab hufunguliwa kwa bashraf, pigo refu la ala tupu, lisilo na mwimbaji wala neno. Ndipo watu wanapotafuta pa kukaa, wanapoamkiana na kuulizana habari za wagonjwa. Hapana anayeisikiliza. Wapigaji wenyewe huiona kama kusafisha koo.

"Harusi nzima, bashraf?" Pandu alisema. "Watu watatucheka."

"Nawacheke. Hapana ubeti wa kumtoa mtu jamvini."

Mwisho Pandu alisema, "Fundi wa kuezeka akiitwa na mtu wa upande wa pili huenda. Hilo hawajalikataza. Huenda, huezeka, hurudi." Halafu akatikisa kichwa, kana kwamba amemsikia mtu mwengine akisema. "Sijui, Matano. Sikuahidi. Usimwambie mtoto kuwa nimekuahidi."

"Sitamwambia."

Hakumwambia. Khairiya alipomuuliza kwa macho, alimjibu kwa kuinua mabega, na siku zilizobaki nyumba nzima ilikwenda kwa mabega yale.

*

Siku ya harusi, baada ya ndoa kufungwa msikitini, watu walikusanyika uani kwa Matano chini ya kivuli cha makuti, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Walikuja wengi, karibu wote wa upande wake. Wapigaji waliobaki wa Sururi walikaa kwenye benchi, na mkono wa kushoto wa Matano paliwekwa kiti ambacho alikataza mtu yeyote kukikalia.

"Mzee," Othman alimnong'oneza. "Watu wanauliza kama ni kweli hapataimbwa."

"Kweli."

"Lakini mzee, umati wote huu! Nimeshaandaa beti tatu..."

"Othman, leo si mkutano. Leo namuoza binti yangu."

Bi Mwanapili alikuwa amevaa vizuri kuliko siku zote, na amekaa na mikono mapajani. "Kwa hiyo miye leo nimealikwa nije nitazame vidole vyenu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Haya. Natazama. Mbona havendi?"

Havikwenda kwa sababu Matano alikuwa hajaifunga fidla. Nyuzi zilining'inia legelege. Mtu mmoja alimuuliza anangoja nini, naye akasema anangoja jua lishuke kidogo. Jua lilishuka. Watu walianza kujipepea na kupiga miayo. Kutoka dirisha la chumbani alikokaa bibi harusi, pazia lilisogea, likarudi. Matano alihisi uchovu wote wa mwaka ule unamshukia mabegani, akajiambia kwamba atahesabu miayo mingine michache, kisha ataingia ndani kumwambia mtoto.

Ndipo alipomuona Pandu. Alikuwa anakuja peke yake kwa njia ya mashamba, amevaa nguo zake za kazi na wala si kanzu, na kodiani mgongoni ndani ya leso ile kuukuu. Alipofika ukingoni mwa uwanja alisimama.

"As-salaam alaykum."

Salamu ni lazima kuitikia. Wakaitikia, wengine kwa midomo tu. Halafu uwanja ukawa kimya hata Bi Kazija akatoka jikoni kuja kuona kuna nini, na mwiko mkononi.

Pandu hakumpa mkono mtu. Alipita katikati ya majamvi, akakaa kwenye kile kiti, akafungua fundo. Wanaume watatu wa upande wa wenyeji wakainuka mara moja, wakavaa makubadhi yao. Hakuwatazama. Hakumtazama hata Matano. Alitia mikono kwenye mikanda ya kodiani, akaivuta, akatoa sauti moja, ndefu.

Matano alikaza uzi wa kwanza. Alipofika pale alipozoea kukisia, alishangaa jinsi palivyokuwa bado chini. Mwaka mzima wa kukisia ulikuwa umemteremsha, kidogo kidogo, harusi hadi harusi, bila mwenyewe kujua. Alikaza, akakaza tena, akiogopa uzi usikatike, na Pandu akaendelea kuvuta ile sauti moja na kumngojea, kama alivyomngojea siku zote. Uzi ulipofika, wote wawili walijua, na Pandu akasema kwa pumzi, "Haya."

Wakaanza.

Bashraf ile huanza polepole, kama mtu anayeingia nyumba asiyoizoea. Fidla inasema jambo, kodiani inalirudia kwa chini, kisha wanakwenda pamoja. Othman alichelewa kidogo mwanzoni kwa hasira, halafu vidole vyake vizuri vikamsaliti, dumbak ikakaa mahali pake. Matano aliwangoja watu waanze kuzungumza, kama wanavyozungumza wakati wa bashraf. Hawakuzungumza. Walikuwa wameinamisha vichwa, wanasikiliza kwa uangalifu ule ule waliojifunza katika siasa, wakitafuta neno la kuwachoma, na neno halikuja. Kwa kuwa halikuja, ilibidi wasikilize kilichopo. Wale wanaume watatu walikuwa wameshafika kwenye njia. Walisimama pale wakingoja kukasirika, ili waende zao. Baadaye kidogo mmoja wao alichuchumaa.

Walipofika mahali ambapo fidla hubaki peke yake, Matano alifumba macho. Alifanya kosa dogo, kidole chake cha pete kilikuwa kizito siku hizi, na palepale kodiani ikaja chini yake ikalifunika, bila kishindo, kama mtu anavyomuondolea mwenzake jani begani. Hapana aliyelisikia isipokuwa wao wawili, na pengine mmoja zaidi, nyuma ya pazia.

Walipomaliza hapana aliyepiga makofi. Watu hawakujua kama bashraf hupigiwa makofi. Bi Mwanapili ndiye aliyeinuka. Alivua shada lake la asumini, akalitazama, akaona halitoshi kukatwa mara mbili, akaliweka chini baina ya vile viti viwili.

"Haya," alisema. "Leo nami nimekuwa mtu wa kusikiliza. Si kazi mbaya."

*

Masinia ya pilau yakaletwa. Bi Kazija mwenyewe alilibeba la wapigaji, akaliweka mbele ya mumewe na Pandu, akafunua kawa. Mvuke ukapanda. Mtu akaleta maji ya kunawa. Pandu hakunyoosha mikono.

"Shemeji," Bi Kazija alisema. "Karibu. Pilau kwa nyama ya ng'ombe wetu wenyewe."

"Ahsante, shemeji. Mungu akuzidishie. Mimi sili."

Uso wa Bi Kazija ukabadilika. Alikuwa amepika tangu alfajiri, na mtu aliyekataa chakula chake mbele ya uwanja mzima alikuwa ni huyu, aliyekula jikoni kwake kuliko ndugu zake wa kuzaliwa. Akafungua mdomo. Matano akamgusa mkono.

"Nimewaambia watu wangu nakuja kazini," Pandu alisema chini chini. Macho yake yalikuwa kwenye sinia. "Fundi huezeka akarudi. Nikila ni mgeni. Yuko mtu hapa atakayetazama mkono wangu, Matano, na Mjaka ataambiwa kabla sijafika nyumbani. Nisamehe, shemeji. Nasikia harufu ya pilau yako tangu njia panda."

Othman na wenzake walikuwa wameshanawa. Walikaa mikono imelowa, hawajui kama waanze. Sinia lilikuwa mbele ya mwenye nyumba, na yeye ndiye aliyepaswa kutia mkono wa kwanza.

Matano aliyatazama yale maji. Ilikuwa harusi ya binti yake wa pekee. Baba asipokula siku hiyo watu watasema maneno, na yatakaa muda mrefu kuliko bashraf. Alikuwa amechoka sana na maneno. Alikisukuma chombo cha maji taratibu kumwelekea Othman.

"Kuleni nyinyi," alisema. "Nami sili. Nilikuwa kazini."

"Mzee!" Othman alisema.

"Kula, mwanangu. Usiache kipoe."

Wakakaa pale, wazee wawili, mikono mapajani, huku vijana wakila mbele yao kwa aibu, na baadaye bila aibu kwa kuwa pilau ilikuwa nzuri. Bi Kazija alisimama kidogo, kisha akaivuta leso yake usoni, akarudi jikoni. Pazia la dirisha lilikuwa wazi sasa, na hapana aliyelifunga.

Pandu alipofunga kodiani yake, Matano alisimama kumsindikiza. Hilo hapana aliyeweza kulipinga, hata fundi husindikizwa. Walikwenda kwa njia ya mashamba, mmoja mbele na mmoja nyuma, mpaka nyumba zilipokwisha na sauti za wanawake zikawa mbali. Njia pale ilipita baina ya mikarafuu. Pandu akasimama, akatia mkono mfukoni, akatoa kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na muhogo wa kuchoma, na kipande cha papa mkavu.

"Nilijua nitakuwa na njaa," alisema. "Mwanamke wangu kanifungia. Hakuniuliza nakwenda wapi."

Akaukata muhogo kwa mkono. Kipande kikubwa akampa Matano, naye akakipokea, wakala wakiwa wamesimama. Muhogo ulikuwa umepoa na mgumu pembeni. Matano alitafuna polepole kwa meno yaliyobaki, na hiyo ndiyo karamu aliyokula siku alipomuoza mtoto wake.

"Fidla yako ilikuwa chini," Pandu alisema.

"Niliona."

"Chini sana. Ungengoja mwaka mwengine ungekuwa unapiga besi."

"Besi ipo ukumbini, imelala. Nikaichukue."

Pandu akacheka kidogo kwa pua. Akajipangusa mikono kwa lile jani, akalitupa.

"Utakuja tena?" Matano aliuliza.

"Wapi?"

"Popote."

Pandu hakuwa mtu wa kumpa mwenzake jambo asilokuwa nalo. "Sijui, Matano. Wallahi sijui. Nakwenda kutazama kama kisima bado ni chetu." Akaweka kodiani vizuri mgongoni. "Mwambie mtoto nimemuombea kheri."

"Kakusikia."

Matano alimtazama mpaka akapotea kwenye mikarafuu, kisha akarudi. Uwanjani watu walikuwa wanakunja majamvi. Aliichukua fidla kutoka kwenye benchi na kuiingiza chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akashika kishikizo cha uzi wa kwanza ili aulegeze kama alivyofanya baada ya kila shughuli. Mkono ukakaa pale. Aliugusa uzi kwa ncha ya kidole, ukatoa sauti ile, ya Pandu, sawasawa.

Akauacha ulivyo. Akaifunika fidla na kufunga sanduku, na huko nje akamsikia Bi Kazija akimwita aje ale, sasa watu wamekwenda.